Kibali cha sindano ya kolesteroli: bima ya Marekani inataka nini hasa

Mgonjwa ametoka kwa daktari wa moyo, cheti cha dawa kimetumwa kwa kompyuta moja kwa moja hadi famasia, naye amefika kaunta kuchukua sindano aliyoandikiwa. Mfamasia anatazama skrini, kisha anamwambia bima imekataa. Wengi huondoka hapo wakiamini kwamba kuna daktari wa bima aliyesoma jalada lao akaona hawahitaji dawa ile. Kwa kawaida hakuna daktari aliyesoma kitu. Kompyuta imelinganisha jina la dawa na masharti yaliyowekwa, ikakuta hayajajibiwa, ikakataa kulipa. Jibu hilo linadai karatasi, na halisemi lolote kuhusu hali ya moyo wa mtu aliyesimama pale kaunta.

Ninaandika haya kwa ajili ya wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, na kwa jamaa zao wa nyumbani wanaowasikia kwenye simu wakisema, "Bima imekataa, basi nimeacha." Aliyekulia Mwanza, Mombasa au Bukavu amezoea duka la dawa ambako mwenye pesa huhudumiwa na asiye nazo hurudi nyumbani. Marekani kuna hali nyingine kabisa: dawa ipo, bima ipo, mgonjwa anakatwa mchango wake kila mwezi, na bado dawa haitoki mpaka daktari athibitishe kwa maandishi kwamba mgonjwa huyu anatimiza masharti. Utaratibu huo huitwa kibali cha awali. Anayeuelewa hukata rufaa. Asiyeuelewa huacha dawa.

Vidonge vya kawaida vya kolesteroli havina shida hii, na ni vizuri kuviweka kando mapema. Hivi ni vile vya jamii ya statini, ambavyo hupunguza kolesteroli inayotengenezwa na ini. Mtafiti wa Japani, Akira Endo, aligundua kemikali ya kwanza ya aina hii kwenye ukungu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1987 Marekani ikaruhusu lovastatini iuzwe. Atorvastatini, ambayo wengi waliijua kwa jina la Lipitor, ilianza kutengenezwa na kampuni nyingine mwishoni mwa 2011. Rosuvastatini, yaani Crestor, ikafuata mwaka 2016. Bei ziliporomoka kiasi kwamba leo bima karibu zote huziweka kwenye daraja la chini kabisa la malipo, na hata asiye na bima anaweza kununua dozi ya mwezi kwa dola chache.

Kwa baadhi ya watu, statini ni za bure kabisa. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, ile iliyozoeleka kama Obamacare, inazitaka bima nyingi binafsi zilipie, bila mgonjwa kuchangia chochote, huduma za kinga zilizopewa alama A au B na jopo la kitaifa la wataalamu wa kinga. Mwaka 2016 jopo hilo lilizipa statini alama B kwa watu wa miaka 40 hadi 75 ambao hawajawahi kupata ugonjwa wa moyo wala kiharusi, wana angalau kihatarishi kimoja kama kisukari, shinikizo la damu au uvutaji sigara, na uwezekano wao wa kupata tatizo la moyo ndani ya miaka kumi ni asilimia 10 au zaidi. Pendekezo hilo lilithibitishwa tena Agosti 2022. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jopo hilo limeundwa kihalali, kwa hiyo takwa hilo bado lina nguvu. Kwa kawaida bima hutekeleza sharti hili kwa dozi ndogo na za kati. Aliyeandikiwa atorvastatini ya miligramu 80 baada ya shambulio la moyo huchangia kidogo, maana yeye hayuko tena kwenye kinga ya kwanza, yaani ile ya mtu ambaye hajawahi kupata ugonjwa wa moyo. Ukitozwa dola 30 kwa statini ya kawaida, muulize mfamasia bei ya kununua bila bima. Mara nyingi huwa chini ya hapo, ingawa kununua hivyo kuna athari moja ambayo nitaieleza baadaye, na ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Tatizo la kibali huanza pale statini zisipotosha. Kuongeza dozi ya statini maradufu hushusha LDL, ile kolesteroli mbaya, kwa takriban asilimia 6 tu zaidi. Ukiongeza ezetimibe, kidonge kinachozuia utumbo kufyonza kolesteroli na ambacho nacho sasa ni cha bei ndogo, unapata punguzo la karibu asilimia 20 juu ya hapo. Kwa wengi hiyo inatosha. Lakini kuna watu wanaozaliwa na kolesteroli ya juu ya kurithi, takriban mtu 1 kati ya 250, na kuna waliokwisha kupata shambulio la moyo ambao LDL yao inatakiwa ishuke sana. Hao hufika mwisho wa vidonge wakiwa bado hatarini.

Dawa iliyokuja kuwasaidia ina historia inayotugusa watu wa Afrika kwa karibu. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walizikuta familia ambazo kolesteroli yao ilikuwa juu mno kwa sababu ya badiliko kwenye jeni, yaani chembe ya urithi, iitwayo PCSK9. Jeni hiyo hutengeneza protini inayoharibu vipokezi vya ini vinavyonasa LDL kutoka kwenye damu. Huko Dallas, Texas, Helen Hobbs na Jonathan Cohen wakajiuliza kinyume chake: je, wapo watu ambao jeni hiyo haifanyi kazi vizuri, na kolesteroli yao iko chini maisha yote? Waliwapata, hasa miongoni mwa Wamarekani Weusi. Utafiti wao wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba asilimia 2.6 ya Wamarekani Weusi waliochunguzwa walikuwa na mabadiliko hayo, LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Badiliko mojawapo lilikutwa pia kusini mwa Afrika, nchini Zimbabwe. Damu ya watu wenye asili yetu ndiyo iliyoonyesha kwamba protini hii ikizimwa moyo hulindwa, na hiyo ni sababu mojawapo inayonifanya niumie ninapoona watu wetu wakishindwa kuifikia dawa iliyotokana na ugunduzi huo.

Mwaka 2015 Marekani iliruhusu sindano mbili za kuzima PCSK9: Praluent mwezi Julai na Repatha mwezi Agosti. Mtu hujidunga mwenyewe chini ya ngozi, kwa kawaida kila baada ya wiki mbili. Katika utafiti mkubwa wa Repatha uliotolewa mwaka 2017, wenye washiriki 27,564 ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa mishipa na wakitumia statini, LDL ilishuka kwa asilimia 59, kutoka wastani wa 92 hadi 30. Mashambulio ya moyo na kiharusi yalipungua. Tatizo lilikuwa bei: zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja, dawa ya kutumiwa maisha yote, na mamilioni ya watu wangeweza kuihitaji. Bima ziliogopa, zikajenga ukuta wa masharti.

Urefu wa ukuta huo ulipimwa. Watafiti waliochunguza maombi ya wagonjwa 45,029 ya mwaka wa kwanza wa dawa hizi waligundua kwamba ni asilimia 20.8 tu waliokubaliwa siku ya kwanza, na waliokubaliwa mwishowe, baada ya kuhangaika, walikuwa asilimia 47.2. Kisha zaidi ya theluthi moja ya hao waliokubaliwa hawakuichukua dawa, na kadiri mchango wa kujilipia ulivyokuwa mkubwa ndivyo walivyozidi kuiacha famasia. Mwishoni mwa 2018 bei ya Repatha ilishushwa hadi dola 5,850 kwa mwaka, na Praluent ikafanya vivyo hivyo mwanzoni mwa 2019. Masharti yamelegea tangu hapo, lakini hayajaondoka.

Nani huyaandika? Mara nyingi si ile kampuni ambayo jina lake liko mbele ya kadi yako. Bima huajiri kampuni za kusimamia dawa, na tatu kati yake, CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, hushughulikia karibu asilimia 80 ya dawa zote zinazoandikwa Marekani. Hizi ndizo hupanga orodha ya dawa zinazolipiwa, huziweka kwenye madaraja, na hujadiliana na watengenezaji kuhusu punguzo. Ndiyo maana bima moja hukubali Repatha na kuikataa Praluent, na nyingine hufanya kinyume, ingawa dawa hizo mbili hufanya kazi ileile. Daktari akiandika ile isiyo kwenye orodha, kukataliwa kwake hakuhitaji rufaa wala barua. Kunahitaji aandike ile nyingine. Hili ni swali la kwanza la kuuliza pale kaunta: imekataliwa kwa sababu haiko kwenye orodha, au kwa sababu inataka kibali?

Ikiwa inataka kibali, famasia hutuma ujumbe kwa ofisi ya daktari, na hapo ofisini fomu hujazwa mara nyingi na muuguzi au karani mwenye rundo la fomu nyingine mbele yake. Sisemi hivyo kuwadharau; kazi yao ni ngumu na muda wao ni mfupi. Ila mgonjwa anapaswa kujua kwamba majibu ya fomu yake yanatoka kwenye jalada, na kisichokuwa kwenye jalada hakitafika kwenye fomu.

Chukua mama wa miaka 58 aliyepata shambulio la moyo mwaka jana. Kabla ya matibabu LDL yake ilikuwa 228. Sasa anatumia atorvastatini miligramu 80, dozi ya juu kabisa, pamoja na ezetimibe miligramu 10, na LDL imeshuka hadi 96. Mwongozo wa wataalamu wa moyo wa Marekani wa mwaka 2018 unasema mtu kama yeye, mwenye hatari kubwa sana, akibaki na 70 au zaidi, aongezewe dawa. Waraka wa mwaka 2022 ulishusha kiwango hicho hadi 55. Kwa kila kipimo cha kitabibu mama huyu anastahili sindano. Lakini karani ameandika alama ya ugonjwa E78.5, ambayo maana yake ni mafuta ya juu kwenye damu bila maelezo zaidi, akaweka kipimo cha 96, akatuma. Bima inakataa, kwa kuwa sindano hulipiwa kwa waliokwisha kupata ugonjwa wa mishipa au wenye kolesteroli ya kurithi, na fomu haisemi kimojawapo.

Fomu hiyohiyo ikijazwa kwa ukamilifu huwa kitu tofauti. Shambulio la moyo la zamani lina alama yake, I25.2. Kolesteroli ya kurithi ina alama yake, E78.01, iliyoanza kutumika Oktoba 2016, na LDL ya 228 kabla ya dawa ni sababu nzuri ya daktari kuchunguza kama mama huyu anayo. Kipimo cha kabla ya dawa kinatakiwa kiwepo pamoja na kile cha sasa, vyote na tarehe, kwa sababu 96 peke yake humfanya msomaji adhani tatizo ni dogo. Majina ya vidonge, miligramu, na tarehe ya kuanza kila kimoja huandikwa, maana bima nyingi zinataka miezi miwili au mitatu ya statini ya dozi ya juu kabla ya kukubali kingine. Na kama ndugu wa tumbo moja au mzazi alikufa kwa moyo akiwa kijana, hilo nalo liingie. Familia zetu nyingi zina kifo cha namna hiyo ambacho kilielezwa kwa sababu nyingine, au hakikuelezwa kabisa. Uliza wazee nyumbani kabla ya kwenda kliniki.

Sasa ile athari niliyoiahidi. Bima haimwamini daktari peke yake. Inaangalia pia kumbukumbu zake yenyewe za dawa ulizochukua. Mtu aliyenunua atorvastatini kwa pesa taslimu ili aokoe dola kadhaa, au aliyeletewa vidonge vya miezi sita na shangazi aliyetoka Nairobi, anaonekana kwenye kompyuta ya bima kama mtu ambaye hajawahi kumeza statini hata siku moja. Daktari anaandika kwamba mgonjwa ametumia kwa mwaka mzima, bima inajibu kwamba haioni. Nimeona jambo hili likiwakwamisha watu waliokuwa waaminifu kabisa na dawa zao. Kama ulinunua nje ya bima, hifadhi risiti na maboksi, umwonyeshe daktari, aandike kwenye jalada jina, dozi na tarehe, na hati hizo ziambatishwe kwenye ombi. Kama unaweza, pitisha statini kwenye bima hata inapogharimu zaidi kidogo, hasa kama daktari amekwisha kukutajia sindano. Na usiruke miezi. Pengo la miezi miwili katika kuchukua dawa husomwa kama ushahidi kwamba kidonge hakijashindwa, wewe ndiye hukukitumia.

Kundi jingine linalokwama ni wale ambao statini huwaumiza misuli. Masharti ya kawaida ni kwamba mgonjwa awe amejaribu angalau statini mbili tofauti, moja ikiwa kwa dozi ndogo kabisa, na maumivu yawe yameondoka alipoacha. Wengi wetu tukipata maumivu tunaacha kimyakimya, tunanyamaza kwa heshima ya daktari, na tukiulizwa tunasema tuko salama. Kwa bima, ukimya huo ni sawa na kwamba hakuna kilichotokea. Mwambie daktari siku ileile: yalianza lini, mapaja yote mawili au moja, yaliisha baada ya siku ngapi. Aandike, apime damu kuona kama misuli imeathirika. Kwa wasiostahimili statini kuna pia kidonge kiitwacho Nexletol, kilichoruhusiwa mwaka 2020. Utafiti uliotoka mwaka 2023, wenye washiriki 13,970 ambao hawakuweza au hawakutaka kutumia statini, ulionyesha kuwa kilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 13. Nacho hutakiwa kibali.

Je, bima wanafanya haki kudai haya yote? Kudai dawa ya dola chache ijaribiwe kabla ya ile ya maelfu naona ni sawa. Statini zimeokoa maisha kwa muda mrefu, na kila dola inayotumika ovyo hurudi kwenye michango ya wote. Lakini kumtaka mtu aliyekwisha kulazwa kwa shambulio la moyo, mwenye vipimo mkononi, aanze kuthibitisha upya kila anapobadilisha kazi, hilo silioni kuwa la haki, na wanaolipa gharama yake ni wale wenye Kiingereza cha kubahatisha na zamu za usiku.

Barua ya kukataa ikifika, isome yote. Sheria inaitaka bima itaje sababu na ieleze jinsi ya kukata rufaa, na una haki ya kupewa bure masharti yaliyotumika pamoja na nyaraka za jalada lako. Piga namba iliyo nyuma ya kadi, uombe masharti ya kibali cha dawa hiyo kwa maandishi, uyapeleke kwa daktari. Hapo barua yake ya rufaa inaweza kuyajibu moja baada ya jingine kwa maneno yaleyale ya bima. Barua ndefu yenye huruma isiyogusa masharti haisaidii kama barua fupi inayoyajibu. Daktari pia anaweza kuomba kuzungumza kwa simu na daktari wa bima. Ni simu ya dakika chache na mara nyingi humaliza mgogoro, kwa kuwa hapo ndipo kwa mara ya kwanza mtu mwenye ujuzi anaangalia jambo hilo.

Kwa bima binafsi, ikiwa ni ya kazini au uliyojinunulia kwenye soko la bima la Obamacare, una siku 180 tangu kukataliwa kuomba rufaa ya ndani. Kwa dawa ambayo bado hujaipata, bima inatakiwa ijibu ndani ya siku 30, na kama hali ni ya dharura, ndani ya saa 72. Ikikataa tena, unaweza kuomba uamuzi wa nje ndani ya miezi minne. Wachunguzi huru wasiolipwa mshahara na bima hupitia jalada, na wakiamua ulipiwe, bima inalazimika kulipa. Medicare, bima ya serikali ya wazee na walemavu, ina ratiba yake upande wa dawa: ombi la kibali hujibiwa ndani ya saa 72, au 24 kwa dharura, na rufaa ya kwanza hukatwa ndani ya siku 65 na kujibiwa ndani ya siku 7. Medicaid, ya watu wa kipato kidogo, inatakiwa kujibu ombi la kibali ndani ya saa 24, na mgonjwa akiwa kwenye dharura apewe dawa ya saa 72 wakati anasubiri.

Watu hawatumii njia hizi. Shirika la KFF, linalochunguza sera za afya, lilipotazama bima za soko la HealthCare.gov kwa mwaka 2023, lilikuta kwamba chini ya asilimia 1 ya madai yaliyokataliwa yalikatiwa rufaa. Katika hayo machache, bima zilishikilia uamuzi wao kwa asilimia 56. Takwimu hizo ni za huduma zote, si za dawa peke yake, ila zinaonyesha kwamba katika rufaa zaidi ya nne kati ya kumi, bima yenyewe ilibadili uamuzi.

Lugha isiwe kikwazo. Sheria ya mwaka 2010 inazitaka bima, hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zimpatie mkalimani bure mtu asiyejua Kiingereza vizuri. Ukipiga simu sema tu "Swahili", usubiri waunganishe. Kanuni zinazuia pia kumtegemea mtoto kama mkalimani isipokuwa kwa dharura. Najua watoto wetu ndio wanaojua Kiingereza, na ndio tunaowapa simu. Lakini mtoto wa darasa la sita hapaswi kubeba maneno kama shambulio la moyo la mama yake, na akikosea dozi, kosa hilo litaingia kwenye jalada.

Kibali kikishapatikana hubaki suala la fedha. Watengenezaji hutoa kadi za punguzo kwa wenye bima binafsi, ambazo hushusha mchango wa mgonjwa hadi dola chache kwa mwezi. Wenye Medicare na Medicaid hawaruhusiwi kuzitumia, kwa sababu ya sheria ya shirikisho ya kuzuia hongo katika mipango ya serikali. Wao wana kinga nyingine. Tangu 2025 mtu mwenye bima ya dawa ya Medicare ana kikomo cha mwaka cha kujilipia: dola 2,000 mwaka huo, na 2,100 mwaka 2026, tena anaweza kuomba kulipa kidogokidogo kila mwezi badala ya mzigo wote wa Januari. Mwenye kipato kidogo aombe msaada wa ziada wa Medicare kupitia ofisi ya Hifadhi ya Jamii. Kwenye bima binafsi, uliza kama pesa ya kadi ya punguzo inahesabiwa katika kile kiasi unachotakiwa kujilipia kila mwaka kabla bima haijaanza kulipa. Baadhi ya bima haziihesabu, na mgonjwa hushtuka katikati ya mwaka kadi inapoisha akakuta bado anadaiwa kiasi chote. Na tangu Oktoba 2025 mtengenezaji wa Repatha anaiuza moja kwa moja kwa wagonjwa kwa dola 239 kwa mwezi bila kupitia bima. Bado ni pesa nyingi, lakini kwa ambaye rufaa zake zote zimegonga mwamba, ni njia ambayo haikuwepo mwaka 2015.

Leqvio, sindano iliyoruhusiwa Desemba 2021, iko tofauti kidogo. Hudungwa kliniki na mhudumu wa afya: mara ya kwanza, tena baada ya miezi mitatu, kisha kila miezi sita. Kwa kuwa haichukuliwi famasia, mara nyingi hulipiwa upande wa matibabu, kwa Medicare ni sehemu B. Aliyekataliwa upande wa dawa anaweza kukuta upande wa matibabu una masharti mepesi zaidi, kwa hiyo inafaa kumuuliza daktari.

Kibali hakidumu. Hutolewa kwa miezi sita au mwaka, kisha huombwa upya, na bima hutaka kuona kwamba dawa inafanya kazi. Hapo kipimo cha LDL kilichorudiwa wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza ndicho ushahidi. Mgonjwa akiona LDL imeshuka hadi 40 asidhani amepona na kuacha. Kolesteroli hupanda tena ndani ya wiki chache sindano zikikoma. Andika kwenye kalenda tarehe ya mwisho ya kibali, uikumbushe ofisi ya daktari mwezi mmoja kabla. Ukibadilisha kazi, au bima ikibadilika Januari, chukua nakala ya kibali cha zamani na vipimo vyote ukaviwasilishe kwa bima mpya. Bima mpya ikitaka uhame kutoka Repatha kwenda Praluent, mwache daktari akubadilishie, kisha upime LDL tena baada ya wiki chache kuona kama imebaki chini.